Gego la Hakimu

Kaka yangu ni daktari wa meno. Amechungulia vinywa vya nusu ya mji, na akikutana na mtu barabarani husahau jina lake lakini hukumbuka gego lake. Nyumbani kwake kulikuwa na kinywa kimoja tu kinachooza, na hicho hakukiona.

Kinywa chenyewe kilikuwa cha Hakimu, paka aliyeachwa na marehemu mke wake wa kwanza. Aliitwa hivyo kwa tabia yake ya kukaa juu ya kabati la vyombo na kuwakodolea macho wageni mpaka wajisikie wana makosa. Kaka alipooa tena, Hakimu akabadilika. Bi harusi akimwekea zile punje zake ngumu za dukani, anakimbilia bakuli kwa njaa, anatafuna moja, anapiga yowe, anaitema, kisha anamfokea aliyemwekea na kupotelea chini ya kochi. Akaacha kujilamba, manyoya yakamtimka, udenda ukawa unamtoka, na mdomo ukanuka hadi mlangoni.

Familia yetu, ambayo wasomi haijapungukiwa, ikakaa kitako kutafuta sababu. Shangazi ndiye aliyeipata.

"Mnyama anaona tusichoona sisi," alisema. "Huyu mwanamke ana lake jambo."

Basi ikawa mchezo. Akija mgeni, shangazi anamwita wifi yangu amlishe paka sebuleni, paka anapiga yowe, mgeni anaguna, shangazi anatikisa kichwa kwa huzuni ya uongo. Na kaka? Mtu anayekula na kuvaa kwa sababu ya maumivu ya meno ya watu alimwambia mkewe, "Hebu jaribu kuongea naye polepole. Labda ni hiyo sauti yako." Nilitamani kumrushia sahani.

Wifi akapunguza sauti. Akaacha manukato. Akaanza kutembea pekupeku ndani ya nyumba yake mwenyewe. Siku moja mchana nikamkuta jikoni ameegemea sinki, macho yamevimba.

"Wifi, mimi narudi kwetu," akaniambia. "Wakwe ningewavumilia. Lakini nyumba ambayo hata paka ananikataa, nikae nifanye nini?"

Mkononi alikuwa na kopo la samaki alilokuwa amelifungua kwa chakula cha mchana, na mchuzi umemchuruzika vidoleni. Hakimu akatoka mafichoni, akasogea, akaanza kuvilamba vile vidole. Alilamba taratibu, kichwa kakiinamisha upande mmoja, bila kufoka wala kukwaruza. Tukatazamana. Anayekuchukia halambi vidole vyako; shida ya Hakimu ilikuwa kwenye kutafuna.

Nikamtia Hakimu kwenye kapu la nguo chafu, nikamshika wifi mkono, tukatoka kwenda kwa daktari wa mifugo. Kaka tulimpitia kazini. Alicheka sana.

"Paka aumwe jino? Angeumwa asingegusa chakula kabisa. Mimi wagonjwa wangu hufika hapa wameshika shavu."

"Basi yeye hajui kushika shavu," nikamjibu. Akaja nasi na koti lake jeupe, eti asaidie.

Daktari wa mifugo hakuhitaji msaada. Alimnyanyua Hakimu mdomo wa juu kwa kidole, nasi sote tukaona: fizi nyekundu zilizovimba, ukoga wa kahawia umeganda kwenye magego, na jino moja limelika pale linapoingia kwenye ufizi.

"Paka huficha maumivu," alisema. "Anaendelea kula huku anaumia, maana njaa nayo haimwachi. Punje ikigusa hilo jino, anamgeukia yeyote aliye karibu na bakuli."

"Na aliye karibu na bakuli siku zote ni nani?" nikauliza kwa sauti ya juu. Kaka akakohoa.

Alipomaliza kukohoa akasema ana dawa nzuri ya mswaki ofisini.

"Hiyo waachie watu," daktari akamjibu. "Wao wanatema. Paka anameza."

Wifi akauliza kuhusu vidonge vya kichwa ambavyo shangazi alishauri visagwe kwenye maziwa. Daktari akamtazama. "Hata kidogo tu kingeweza kumuua."

Hakimu akapewa dawa ya usingizi, akapigwa picha ya mizizi ya meno, na magego mabovu yakang'olewa. Tukapewa dawa ya maumivu ya paka, tukaambiwa tumpe chakula laini na tumrudishe akaguliwe. Mswaki wake mwenyewe ungeanza kidonda kikipona.

Mambo yakageuka upesi kuliko nilivyotarajia. Hakimu akala mpaka akasafisha bakuli, akajilamba, akarudi kung'aa. Jumapili, sebule imejaa wageni, akapanda mapajani kwa wifi na kulala.

Shangazi hakupoteza muda. "Mmeona? Sasa amemkubali. Nilisema mimi, apewe muda tu."

Wifi aliendelea kumpapasa paka. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya juu, kabla hajafundishwa kunong'ona.

"Hajanikubali, shangazi. Ameacha kuumwa. Yeye alikuwa na gego bovu." Akainua macho, akatupitia mmoja mmoja. "Ninyi wenzangu mlikuwa mnaumwa nini?"

Kaka aliinuka, akaenda jikoni kuponda chakula cha paka.