Aya ya Nane kwa Mkuu wa Wilaya

"Ing'oe hiyo aya, Jonggi."

"Siing'oi. Nimeshaipigilia na—"

"Nimesema ing'oe, huo ubao unatoka na jina la duka langu pale chini—"

"—na pini zenyewe ni za mwisho, zikipinda hizi unaninunulia nyingine?"

"—jina langu mimi, siyo lako. Wewe huna jina mjini hapa. Una vituko tu."

Dada yangu Rotua alikuwa ameshika koleo. Mimi nimesimama mbele ya ubao, mikono nimeitanua kama golikipa. Ubao wenyewe ulikuwa umependeza, niseme ukweli: maua ya karatasi ya zambarau pembe zote nne, na katikati herufi nyeupe za sponji ngumu. HERI YA KUZALIWA BWANA MKUU WA WILAYA. TUNAKUOMBEA KILA SIKU. ZABURI 109:8. Na chini, kwa herufi ndogo: WAKULIMA WA UBANI, na jina la duka.

Kwetu mtu haoi, hafi wala hapandi cheo bila mbao za maua kusimamishwa barabarani. Na ubao hausomwi na anayepelekewa peke yake. Unasomwa na mji mzima.

"Unajua hiyo aya inasema nini?" Rotua akauliza.

"Mimi ndiye niliyeichagua."

"Siku zake ziwe chache, kazi yake aichukue mwingine. Haya. Na ya chini yake?"

Nikanyoosha ua lisilopinda. Yeye hajakanyaga chuo chochote, lakini kila asubuhi anasoma Biblia akisubiri maji yachemke. Mimi nilisoma theolojia miaka miwili na nusu. Niliondoka baada ya kubadilisha namba za nyimbo kwenye kibao cha kanisa la chuo, wachungaji watarajiwa mia mbili wakajikuta wanaimba Krismasi siku ya Ijumaa Kuu. Niliondoka mwenyewe, kabla hawajakaa kikao.

"Umemuuliza mkuu namba yake?" akasema Rotua, sauti imeshuka.

"Nimuulize ili iweje? Nikamwamkie?"

"Ili ujue unayemuombea hayo ni nani kwako."

Jina letu la ukoo na la mkuu ni moja. Na sisi ukikutana na mtu wa ukoo wako, hata kabla ya habari za leo, unamuuliza yeye ni wa kizazi cha ngapi toka kwa babu wa kwanza. Namba ndiyo inakwambia umwite babu, baba, kaka au mtoto. Mimi ni wa kumi na sita. Namba ya mkuu sikuwahi kuiuliza. Ukoo wetu ni mkubwa, ukirusha jiwe sokoni umempiga baba mdogo wa mtu. Na mkuu huyo alikuwa amewapa watu wa kiwanda cha karatasi mlima wa ubani, mlima ambao baba yangu aliugema utomvu mpaka goti likamkatalia kupanda. Barua tulipeleka. Tukaandamana na kusimama getini kwake siku nne. Tulipewa maji ya chupa, tukaambiwa turudi nyumbani salama.

Ndipo shemeji yangu Binsar, mume wa Rotua, alipoingia kutafuta chai. Binsar anaendesha pikipiki ya kubeba abiria, ile yenye kigari pembeni. Akasoma ubao. Akaingia ndani kufungua Biblia ya mkewe, akarudi anacheka mpaka akakalia gunia la herufi.

"Jonggi," akasema, "wewe utakufa vibaya. Acha nikuletee kamba tuufunge kwenye pikipiki."

Rotua aliweka koleo mezani. Mpaka leo nasikia lile koleo linavyogusa meza.

*

Watu wa ofisini kwa mkuu waliusoma ubao wakaona "tunakuombea", wakafurahi. Wakulima wamelainika. Wakausogeza mbele kabisa, jirani na bendera, na mkuu mwenyewe akaja kusimama pembeni yake, dole gumba juu, akapigwa picha anacheka meno yote. Picha ikabandikwa kwenye ukurasa wa wilaya saa nne asubuhi. Kufika saa sita watu walikuwa wameshafungua Biblia zao, maana sisi ni watu wa kwenda kanisani na Biblia na kitabu cha nyimbo kwapani, huwezi kututupia namba tukaiacha ikae.

Sijawahi kupendwa kama zile siku. Kwenye kibanda cha kahawa nilikuwa sikai vizuri, mtu keshanivutia kiti. Tulicheza sataranji tukiitana kwa aya. "Nakula farasi wako, mia na tisa nane." Wanafunzi walichapisha stika. Binsar alibandika yake nyuma ya kile kigari, nyekundu, na abiria walikuwa wanaiacha pikipiki ya mbele wanamsubiri yeye. Wanawake wa sokoni wakikutana na mgambo walikuwa wanamwambia kwa adabu kabisa, tunakuombea, mwanangu.

Nami nilijua.

Hapa ndipo huwa natamani hadithi iwe ya mtu mwingine. Chuoni nililala madarasa mengi, ila darasa la Zaburi nilikuwa macho, kwa sababu mwalimu alikuwa mzee anayenusa ugoro akipiga chafya katikati ya sala. Alituambia: kabla hujanukuu, uliza kwanza nani anaongea. Ile zaburi, alisema, inaanza na mtu anayelia kwamba amewaombea watu nao wakamlipa chuki. Halafu ghafla ndiyo yanakuja yale maapizo, na wako wasomaji wanaoamini siyo maneno yake. Ni maneno waliyokuwa wanamsemea yeye, maadui zake, naye anayarudia mbele za Mungu. Daftari langu la chuo lilikuwa na michoro mingi ya kuku kuliko maandishi, lakini hilo niliandika. Nilijua nimebandika barabarani maneno ambayo huenda ni ya wale wabaya. Na ya tisa niliijua pia: watoto wake wawe yatima, mke wake awe mjane. Nilijiambia namba nane ni nane. Tisa haiko kwenye ubao.

Siku ya kumi na moja, Jumamosi mchana, mkuu wa wilaya alikuwa anacheza badminton na madereva wake. Aliruka kupiga, akatua, akaketi chini kama mtu anayefunga kamba za viatu. Hakuinuka tena.

*

Hakuna aliyenilaumu. Hilo watu hawanielewi nikilisema. Ningelaumiwa ningejibu, mdomo ninao. Watu walinyamaza tu. Niliingia kwenye kibanda cha kahawa Jumatatu, mazungumzo yakazimika, mzee mmoja akakumbuka ana nguruwe hajamlisha, mwingine akakumbuka kitu kingine. Nikabaki na ubao wa sataranji. Nikapanga kete. Nikacheza weupe, nikazunguka upande wa pili nikacheza weusi.

Binsar nilimkuta uani na wembe na maji ya moto, anakwangua. Stika ilitoka vipande vipande. Gundi ilibaki, na vumbi la barabara likaganda pale, kwa hiyo kwa miezi kigari chake kilikuwa na kipande cheusi cha mstatili ambacho kila mtu alijua kiliandikwa nini.

"Si wewe ulikuwa unacheka," nikamwambia.

"Nilikuwa nacheka, shemeji," akasema bila kuniangalia. "Wewe ulikuwa umesoma."

Kwenye msiba, mbao za maua zilipangwa toka ofisini mpaka kanisani, pande zote mbili. Duka letu halikupata oda hata moja. Nilitengeneza ubao wangu, maua meupe tu, neno POLENI, sikuweka jina. Niliubeba mwenyewe alfajiri nikausimamisha mwisho wa mstari. Nilipopita mchana ulikuwa umelazwa kifudifudi nyuma ya choo cha kanisa. Haukuvunjwa. Mtu aliulaza taratibu.

Hakukuwa na ngoma. Kwetu aliyekufa ameacha mtoto hajaolewa hachezewi ngoma, anaangaliwa tu. Nilisimama nyuma kabisa, mlangoni. Picha ya jenezani ilikuwa ile ile anayocheka. Waliikata pembeni, lakini hawakuikata vizuri. Begani kwake lilibaki ua moja la karatasi, zambarau. Nilitumia asubuhi nzima kukunja yale maua.

Halafu msemaji wa ukoo akainuka kutaja nasaba, babu kwa babu, akashuka mpaka kwa marehemu. Wa kizazi cha kumi na sita.

Namba yangu. Alikuwa amenizidi miaka kumi na tatu. Kwa hesabu zetu ni kaka yangu, hakuna namna nyingine ya kumwita. Na mtoto wake wa pekee, Marsaulina, aliyekaa pale mbele na shali kubwa kuliko mabega yake, mimi ni baba yake mdogo.

*

Kazi yake ilichukuliwa na mwingine, kama tulivyoomba. Makamu wake. Mwezi wa pili alisaini watu wa kiwanda wapewe na kipande cha mlima kilichobaki. Hakuna aliyesimama getini. Nilikwenda mimi, nikasimama nusu siku, mlinzi akanipa maji ya chupa.

Dukani nilihamia nyuma, Rotua mbele, kwa sababu wateja wakiniona walikuwa wanaahirisha harusi zao. Nilikata herufi. Nilikunja maua. Mchana, Rotua akienda sokoni, nilichukua Biblia yake nikaisoma ile zaburi yote, kitu ambacho hata kwenye mtihani sikukifanya. Nikaona kitu kidogo. Maapizo yanaanza kwa kuomba mshitaki asimame mkono wa kulia wa yule mtu. Na zaburi inakwisha, mstari wa mwisho kabisa, Mungu mwenyewe ndiye amesimama pale, mkono wa kulia wa maskini. Mahali ni pale pale, aliyesimama ndiye amebadilika. Sisi tulikata kipande chetu hapo katikati tukaenda nacho barabarani.

Sikuwa na wa kumwambia. Nilimwambia Rotua akipika, akasema, "Ungeisoma hivyo kabla."

Mwaka ukapita, na miezi.

Wiki tatu kabla ya kipaimara walikuja wawili, mjane wa marehemu na mtoto wake. Nilimsikia Rotua kule mbele akisema karibu Mama Saulina, sauti kama ya mtu aliyebeba sufuria la moto. Nikazima redio. Nikafikiria kutokea dirishani, na ningetoka, ila dirisha la nyuma lilikuwa limezibwa na mbao.

"Ubao mmoja," mama alikuwa anasema. "Wa kawaida. Hongera kwa kipaimara. Na mtengeneze vizuri, mkuu mpya anakuja."

"Anakuja kanisani?" Rotua akauliza.

"Mzee wa kanisa kapanga. Watoto wakipiga magoti kila mmoja baba yake anasimama kulia kwake, anamshika bega mpaka asomewe aya yake. Sasa wa kwangu nani atasimama? Mkuu amejitolea. Ni heshima."

"Ni heshima," akasema Rotua.

Pazia likasogea. Marsaulina akaingia nyuma kwangu kama anayetafuta choo. Alikuwa amerefuka. Akaangalia gunia la herufi, akaangalia maua, akaokota moja la zambarau akaligeuza.

"Ule ubao ni wewe uliuandika?"

Mwaka na miezi yote, hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Ni mimi."

"Baba aliifungua ile aya jioni yake," akasema. "Mezani. Alicheka sana. Akasema huyu kijana anaijua Biblia kuliko mchungaji. Halafu akaendelea kusoma." Akaliweka lile ua. "Akatuangalia, mama na mimi. Akafunga kitabu. Akasema pitisha sambali ya pilipili."

Nikasema, "Namba yake sikuiuliza."

"Kumi na sita."

"Najua sasa."

"Saulina," mama yake akaita. "Unaongea na nani huko?"

Akaja mpaka kwenye pazia. Aliponiona, mkono wake ulibaki hewani umeshika kitambaa. Rotua alikuwa nyuma yake. Tulisimama hivyo, sote wanne, hakuna aliyejua amuamkie nani. Mama akasema, pole pole, kwamba wamechelewa, kwamba mkuu anasubiri wampigie simu kumthibitishia.

"Usimpigie," akasema Marsaulina.

"Unasemaje?"

Mtoto alikuwa ananiangalia mimi, kidevu kimeinuka kidogo, kama baba yake kwenye ile picha kabla hawajaikata.

"Baba mdogo," akasema. "Siku hiyo simama wewe. Mkono wangu wa kulia."