Mahali pa Nyamabuye

Kitendawili! Sema "tega", usione haya. Anatembea mchana na usiku, na hajahama kwao. Ni nani?

Usikimbilie kujibu. Huko Minago, juu ya barabara, wapo watu wazima waliolijua jibu hilo tangu wakiwa mgongoni kwa mama zao, na siku walipoulizwa mbele ya watu, midomo iliwakauka.

Siku yenyewe, Speciosa alikuwa amepiga magoti nyuma ya mchikichi wake wa mwisho, anachimba kwa jembe lililovunjika mpini. Hakuwa anapanda kitu. Udongo wa juu ulikuwa mwekundu na mlaini, udongo wa kuletwa kwa toroli. Chini yake ukaja mchanga. Chini ya mchanga yakaja mawe aliyokuwa akiyataka, ya duara, laini kama mayai ya bata. Aliyafuta moja moja kwa kitenge chake na kuyapanga. Jua lilipopanda, lundo lilimfika magotini, na kucha zake mbili zilikuwa zimeng'oka.

"He, Mutanzania!" wafanyakazi wa mashine ya mawese walimwitia kwa mbali. "Unatafuta almasi?"

Alifuta jiwe jingine. Mtanzania gani? Alizaliwa pale pale, akachukuliwa mbio hadi Tanzania wakati wa mauaji ya mwaka wa sabini na mbili akiwa na miaka saba, akala chakula cha kambi ya wakimbizi hadi nywele zikaanza kumgeuka mvi, akarudi. Alipofika alimkuta Protasi, jirani wa utotoni, analima shamba la baba yake. Watu wa serikali waliokuja kugawanya wakasema nusu kwa nusu: upande wa Bujumbura Protasi, upande wa Rumonge Speciosa. Katikati? Katikati kulikuwa na kijito. Kwenye karatasi wakaandika: mpaka, kijito Nyamabuye. Speciosa alikuwa amekuja na miche ya muyenzi ya kupanda mpakani kama watu wote wanavyofanya. Wakamcheka. Mama, nani anapanda ua pembeni ya maji? Maji yanatosha. Naye akacheka pamoja nao, akaitupa miche.

Nyamabuye si mto wa kutisha. Ukiruka vizuri unauvuka bila kulowa. Unazaliwa kwenye msitu mdogo huko juu, chemchemi nne chini ya mizizi. Unateremka kwenye mawe, unapita kwenye michikichi, unachungulia chini ya barabara ya Nyanza-Lac, unaingia ziwani pale wanawake wanapoanika ndagala, dagaa wa huko. Lakini mvua ikinyesha kwenye migongo yote miwili ya kilima, hakuna tone lenye njia nyingine. Yote huja Nyamabuye. Zamani msitu uliyashika maji hayo na kuyatoa kidogo kidogo, kama mama anayegawa uji kwa watoto wengi.

Halafu Protasi aliuza nusu yake kwa Jean Bosco, mwenye mashine ya kukamua mawese. Mashine inakunywa maji, na mapipa ya kuchemshia ngazi, mikungu ya chikichi, yanakula kuni. Kuni zilitoka kwenye msitu ule ule.

Kiangazi kilichopita binti yake Speciosa alizaa kwa kupasuliwa, naye akakaa akimuuguza hospitali ya Rumonge siku kumi na tisa. Aliporudi, akaweka mzigo chini, akasikia maji yanalia nyuma ya jiko lake. Nyamabuye ilikuwa imehamia ukutani kwake. Michikichi yake ishirini na mitatu na mihogo yote ilikuwa imebaki ng'ambo ya maji, upande wa Bujumbura. Palipokuwa kijito palikuwa pamesawazishwa kama uwanja wa kanisa.

Kwa hiyo siku hiyo alichimba mawe, kwa sababu wapimaji wa ardhi walikuwa wanakuja kuweka nguzo za mpaka.

Walifika na pikipiki mbili. Aliyewaongoza alikuwa mwanamke kijana, Madamu Fabiola, buti safi, mashine ndogo ya kupimia mkononi. Jean Bosco alitembea nyuma yake pole pole. Hakuwa mtu wa kelele. Alimwamkia Fabiola kwa Kirundi, akamwamkia chefu wa kilima, mkuu wa kijiji kile, kwa Kirundi, akamgeukia Speciosa, akabadilisha lugha.

"Karibu, mama. Habari za Kigoma?"

"Sizijui. Mimi nimelala hapa."

"Kiswahili kizuri hicho," Jean Bosco aliwaambia wengine. "Sisi hatukisemi hivyo."

Fabiola alisimama mbele ya lundo. "Mama, hii mawe ni ya nini?"

"Ndiyo kijito, madamu. Kilipita hapa. Tazama yalivyosuguliwa. Ule ni mfereji, umechimbwa mimi sipo."

"Karatasi yako inasema nini?"

Speciosa aliitoa kwenye nailoni. Fabiola aliisoma akiwa amesimama, akamrudishia.

"Inasema kijito. Na kijito iko pale, ninakiona. Mashine yangu inasoma maji yenye iko, mama. Yenye ilikuwa, haisomi."

"Madamu, samahani." Sauti ilitoka kwa wafanyakazi. Ilikuwa ya Lukeba, mtu wa Uvira, Kongo, mrefu, mikono ina mafuta hadi viwiko. "Mimi njo nilichimba ule mufereji. Tulikuwa batu kumi na mbili, siku tatu. Ya zamani tuliifunika. Mama anasema kweli."

Jean Bosco alijipangusa kiatu kwa jani.

"Uko na karte?" Fabiola alimuuliza, akitaka kitambulisho.

"Hapana, madamu. Nilivuka na nguo tu."

"Kama hauna karte, haukuchimba."

Wenzake walicheka, wengine kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. Kesho yake Lukeba hakuonekana kwenye mashine, wala kesho kutwa.

"Tafuta shahidi wa hapa," Fabiola alimwambia chefu. Akasukumwa mbele Protasi. Alikuwa ameuza shamba lakini bado alilala kwenye kibanda pembeni yake na mkewe Marguerite, kwa sababu Jean Bosco hakuwa amemwambia aondoke. Hakuwa amemwambia abaki pia.

"Muzee, wewe haukukimbia. Umekuwa hapa miaka yote. Kijito kilikuwa kinapita wapi?"

Protasi alivua kofia. Akaitazama ndani kama vile jibu lilishonwa humo.

"Muzee?"

Alikohoa. Alimtazama Speciosa mara moja, akaitazama tena kofia.

"Muzee, mvua inakuja. Kijito kilikuwa kinapita wapi?"

Alikohoa tena. Fabiola alingoja kidogo, labda zaidi ya alivyotakiwa, halafu akaandika huku akisema: "Shahidi hakupinga." Akamnyooshea Speciosa karatasi na kidau cha wino. "Weka kidole hapa."

"Siweki."

"Ukikataa ninaandika haukufika."

"Lakini nimesimama mbele yako!"

"Ninakuona, mama. Karatasi ndiyo haitakuona."

Nguzo za saruji zilipandwa wiki ile ile, nyuma ya jiko. Siku ngazi zilipoiva, vijana wa Jean Bosco walipanda michikichi ya Speciosa kwa kamba zao, wakaimba. Yeye alivuka mfereji kuokota chikichi zilizoanguka, zile ambazo hata mtoto wa jirani huachiwa. Wakamshika mkono. Wakamfungua kitenge mbele ya watu waliokuwa wakipita, zikamwagika zote.

"Jana mwizi wa mihogo, leo wa ngazi!" mmoja alipiga kelele, na mwanamke mmoja njiani, aliyesali naye benchi moja kila Jumapili, aliharakisha miguu.

Protasi alilipwa kimya chake. Jean Bosco alimpa kiwanja, mahali pazuri, tambarare, udongo mwekundu. Alikuwa anapandisha ukuta wa tatu Speciosa alipouvuka mfereji, akaja kusimama mbele yake.

"Protasi. Unajenga juu ya nini?"

"Juu ya kiwanja nimepewa."

"Ninakuuliza chini yake kuna nini."

Protasi alipaka tope juu ya tofali, akalisawazisha kwa kiganja.

"Hapo hapo ulipoweka mlango ulikuwa unakamata kaa," Speciosa alisema. "Ukanitia mmoja kwenye nguo, nikakimbia nyumbani ninalia, na mama yako akakuchapa. Ulikuwa hujamaliza kulia akatukalisha wote wawili, akatutegea kitendawili. Ulikijibu wewe, ukakionyesha kijito hiki kwa kidole."

"Amahoro, Speciosa," alisema Protasi, amani kwako, kama mtu anayefunga dirisha, akachukua tofali jingine.

Marguerite ndiye aliyekuwa akitazama. Alikuwa amekaa juu ya ndoo, ana viazi mapajani, na alipoona mumewe hageuki alimwambia Speciosa kwa ukali: "Sasa unataka tulale wapi? Kwako?"

Speciosa aligeuka, akauvuka tena mfereji, akarudi jikoni kwake.

Mvua ya Machi ilipokuja haikukuta msitu. Ilikuta visiki. Ilinyesha siku mbili kwenye migongo yote miwili ya kilima, na Alhamisi, watu wanaenda sokoni, maji yakateremka mekundu, yamebeba magogo na mbuzi mmoja. Yalifika pale mfereji wa Jean Bosco unapoanzia. Hayakuugeukia hata kidogo. Yalinyooka, yakaufuata mchanga wao na mawe yao, yakaingia kwa Protasi kwa mlango, yakatokea kwa ukuta wa nyuma.

Marguerite aliruka na sufuria moja na kiti kimoja. Protasi alitoka mikono mitupu. Nyumba ililala chini kwa muda wa kumenya muhogo. Mlango wake uliokotwa ziwani na wanawake wa ndagala, wakauweka kuanikia.

Speciosa alitazama yote akiwa kwenye michikichi yake, upande ambao sasa ulikuwa wake tena kwa maji na si wake kwa karatasi ya Fabiola. Alicheka. Isemwe, kwa sababu ndivyo ilivyokuwa: alicheka kwa sauti, mkono kiunoni. Halafu Marguerite akainua macho, ana kile kiti kichwani, na kicheko kikamwishia Speciosa mdomoni.

Jean Bosco hakupoteza kitu. Mashine yake ilikuwa juu, mahali pakavu. Pakavu mno, kwa kuwa mfereji ulikuwa umejaa tope na mashine haikuwa na maji. Ijumaa chefu wa kilima alipita na kipaza sauti. Kesho, kazi za pamoja za Jumamosi, hakuna kufagia barabara. Kesho ni kurudisha Nyamabuye mahali pake. Kila nyumba mtu mmoja, jembe moja. Asiyekuja tutamwandika.

Speciosa alikuja. Aliwekea jembe mpini mpya wa mti mbichi, akasimama katikati ya watu themanini, kando ya maji yaliyokuwa yakinguruma hata wakawa wanasemeshana kwa kelele. Kreti za bia zilikuwa zimepangwa chini ya mchikichi wake wa nne, kwa wale watakaofanya vizuri. Jean Bosco alisimama karibu nazo na simu yake.

Tatizo likaonekana. Nguzo za saruji zilikuwa zimeng'olewa na mafuriko. Mfereji ulikuwa umelingana na shamba. Tope lilikuwa limelala kila mahali sawa sawa, na hakuna aliyeweza kuonyesha kwa jembe tuanzie hapa.

"Karatasi inasema kijito," chefu alisema, akiifunua kwenye plastiki. "Haya. Mahali pake ni wapi?"

Watu walitazama miguu yao. Maji yalikuwa yanawarushia matone usoni. Chefu mwenyewe alirudi nyuma hatua moja, buti zisiingie.

"Muulizeni shahidi," Jean Bosco alisema, bila kuinua macho kwenye simu.

Protasi alikuwa nyuma kabisa. Tangu Alhamisi alikuwa analala na Marguerite kwenye banda la Jean Bosco, juu ya magunia ya chikichi, na nguo yake ilikuwa na mafuta mgongoni. Wakampisha njia, akaja hadi ukingoni. Pale mbele yake, chini ya maji, tofali zake za msingi zilikuwa bado zinaonekana zikitetemeka.

"Muzee, kijito kilikuwa kinapita wapi?"

Alivua kofia.

Chefu alirudia swali. Mtu mmoja akasonya. Ndipo Speciosa akaweka jembe chini, akamsogelea hadi mabega yakakaribia kugusana, akasema kwa Kirundi, kama mama yake Protasi alivyokuwa akianza kutega kitendawili:

"Sokwe, Protasi."

Kuna maneno ambayo mdomo huyajibu kabla mwenyewe hajaruhusu. "Niruze," Protasi alisema. Nitegee.

"Anatembea mchana na usiku, na hajahama kwao. Ni nani, na kwao ni wapi?"

Hakuna aliyecheka. Hata waliokuwa karibu na bia waligeuka. Maji yalipiga jiwe, yakapiga jingine. Protasi aliyatazama muda mrefu. Alimtafuta Marguerite kwa macho, akamwona amesimama kwenye mlango wa banda na sufuria yake. Alimtazama Jean Bosco, na Jean Bosco alikuwa anafuta kioo cha simu kwa kidole gumba.

Protasi alivaa kofia. Akainua mkono, akaupitisha juu ya maji yaliyokuwa yakimlowesha viatu, juu ya michikichi ishirini na mitatu na mihogo yote, akaunyoosha hadi nyuma ya jiko la Speciosa, ulikozibwa mfereji, mahali ambapo sufuria zilizooshwa zilikuwa zimeinamishwa juani.

"Pale," alisema.