Bosi wa Kody

"Huwezi kumfukuza!"

"Nimeshamfukuza."

"Na leo utakaa na nani? Na bata mzinga ninaowanyonyoa kiwandani?"

"Hao wamekufa," Orrin alisema, akaendelea kupaka siagi mkate.

Siku nyingine Marlys angecheka. Huyu mdogo wake, mtu mzima wa miaka arobaini, alizaliwa na akili inayokwenda polepole, lakini ulimi, we! Marlys mwenyewe ndiye aliyemtoa kituo cha kulelea walemavu, walikokuwa wakilazwa kama kuku, jua likiwa bado juu, akamwingiza kwenye mpango mpya. Serikali inatoa fungu la fedha, Orrin anachagua mwenyewe nani wa kumsaidia, na asiyemtaka anamwachisha. "Wewe ndiye bosi," alimwambia jikoni hapahapa. Mama msimamizi wa mpango alimfundisha hata kufukuza mtu kistaarabu: unampa mkono, unasema, asante, sikuhitaji tena. Wakafanya mazoezi, Marlys akijifanya mfanyakazi, wakacheka mpaka kahawa ikamwagika.

Jana Orrin akampa Kody, msaidizi wake, mkono.

"Kakufanya nini lakini?"

"Nilishakwambia, dada. Anaenda kamari. Mimi kwenye gari. Baridi. Mlango haufunguki."

Alishamwambia kweli. Siku ile Marlys aliongeza tu sauti ya televisheni. Na masikio ya Orrin aliyaona, yamebabuka kwa barafu; akayapaka mafuta, basi. Angefanyaje? Kazi ya kusaidia watu mji huu hakuna anayeitaka, kiwanda kinalipa zaidi. Kabla ya Kody walitafuta mpaka theluji ikayeyuka na kuanguka tena. Na Marlys akikosa zamu moja tu zaidi kiwandani, kazi imekwenda, na bima nayo. Kitanda cha Orrin kituoni kilishapewa mtu. Kilichobaki ni kituo cha mbali kule kaskazini, ambako ukimpeleka mtu unamwona Krismasi tu.

Kwa hiyo alfajiri, Orrin akiwa bafuni, Marlys alimpigia Kody simu.

Gari likaunguruma nje. Orrin akachungulia dirishani, akaiona ile pikapu nyekundu. Akamgeukia dada yake.

"Nani bosi?"

"Vaa kofia."

Kody akaingia akikung'uta theluji. "Mambo, bosi! Bado umeninunia?"

Orrin akafuta siagi kwenye suruali. Akasimama wima, akanyoosha mkono kama alivyofundishwa.

"Asante, Kody. Sikuhitaji tena."

Kody hakuupokea. Alimtazama Marlys, anacheka. Mkono ukabaki pale hewani.

"Mwambie, dada," Orrin alisema.

Marlys alimvuta Orrin kofia ikafunika masikio yote mawili, akamfunga kamba kidevuni. Kamba ilimsumbua, akaifunga upya.

"Ukifika kule kwenye kamari," alimwambia Kody bila kumtazama, "usizime injini."

Akachukua mfuko wake wa chakula, akawapa mgongo, akaenda zake kazini.