Nywele Alizoacha Manyoya

Mtafiti alikuwa bingwa wa kuumbua majitu ya hadithi. Kila aliyeapa kwamba amekutana na Manyoya, lile jitu la msituni linalotembea wima kama mtu, alileta maabara nywele za jitu hilo, naye akapewa jibu: mbuzi, ng'ombe, na safari moja, zulia. Wenzake walicheka mpaka mbavu zikawauma.

Zilibaki nywele alizotunza shangazi yake. Mtoto pekee wa shangazi alipotelea msituni akiwa mdogo, na pale alipoonekana mara ya mwisho pakaokotwa kishungi hicho cha nywele tu. Shangazi akashikilia kwamba Manyoya ndiye aliyemchukua, maana wazee walisema Manyoya hali watoto, huwalea. Hakumlilia mwanawe kama marehemu. Alimlalamikia kama mtoto aliyehamia mbali akasahau kusalimia.

"Siku hizi atakuwa na ndevu huyo," alikuwa akisema. "Adabu ndiyo sijui, maana mlezi mwenyewe hajui hata kupiga hodi."

Mtafiti alipoziomba zile nywele, shangazi alimpa bila kusita.

"Pima, Daktari, uwafunge midomo wanaonicheka."

Majibu yalipotoka, mtafiti hakungoja hata kuvua koti jeupe. Alimkuta shangazi jikoni akimenya vitunguu.

"Shangazi, si Manyoya! Ni fisi. Hakuna shaka hata kidogo."

Kisu kikasimama. Mtafiti, kwa furaha ya aliyetegua kitendawili, akaendelea kueleza vinasaba na mashine mpya, maneno yakimtiririka, na alikuwa katikati ya maelezo alipotambua anachosema. Fisi, palepale alipopotelea mtoto. Laiti angeuuma ulimi wake mlangoni! Aliona aibu mpaka masikio yakawaka moto, lakini maji yakimwagika hayazoleki.

"Labda nimekosea, Shangazi. Nywele za zamani huharibika. Nitapima tena."

"Umesema hakuna shaka."

"Nilisema kwa haraka tu."

"Hukukosea, mwanangu. Hujawahi kukosea." Shangazi alikiweka kisu chini taratibu. "Ila fisi halei mtoto wa mtu."

Mtafiti alitaka kumshika mkono, akashindwa. Shangazi alikuwa amelikazia macho lile koti jeupe.

"Hiyo mashine yako," akauliza, "inaweza kuniambia kama aliniita?"