Namba Hamsini na Nne

Rudy Stachowiak aliichezea timu yetu futiboli ya Kimarekani miaka kumi na mmoja, akigonga watu kwa kichwa na sisi tukimshangilia. Kisha akatangaza nami redioni miaka kumi na tisa. Mimi nasimulia mpira unavyokwenda, yeye anaeleza kwa nini. Mwaka juzi majina yalianza kumtoka. Daktari alisema ni vile vipigo vya kichwa, nami nikamkasirikia daktari.

Mezani tunaweka kibao chenye namba na majina ya wachezaji. Nikawa namwonyesha jina kwa kidole, naye analisoma kwa sauti yake nzito. Wasikilizaji hawakushtuka.

“Nivumilie mpaka Desemba, Lowell,” aliniambia. “Emmett anaanza kucheza. Nataka nimtaje mwanangu redioni, mara moja tu. Halafu mnifukuze hata kwa teke.”

“Teke lako nimelitunza siku nyingi,” nikamjibu. Tukacheka.

Jumapili ile theluji ilianguka tangu asubuhi. Kibao nilikiandika mwenyewe, majina yote isipokuwa moja. Namba hamsini na nne, aliyoivaa Rudy enzi zake na sasa mwanawe, niliiacha tupu. Nani amwandikie baba jina la mwanawe? Niliona ni kumvunjia heshima.

Robo ya tatu ya mechi, Emmett akamrukia mbeba mpira wa wapinzani, akamlaza chini. Uwanja ukalipuka kwa shangwe. Nikanyamaza kumwachia Rudy nafasi. Kidole chake kikatembea kwenye kibao, kikafika hamsini na nne, kikakwama. Akanitazama kama mtoto aliyepotezana na mama yake sokoni. Mjinga mimi, badala ya kumnong'oneza, nikabaki kuitazama ile nafasi tupu.

“Kijana huyu anaijua kazi,” akasema mwishowe. “Laiti baba yake angemwona.”

Jina nikalitaja mimi.

Mechi ilipokwisha, Emmett alipanda mbio hadi kwenye chumba chetu cha kutangazia, helmeti mkononi.

“Anko Lowell, mzee alinitajaje?”

“Alisema unaijua kazi.”

“Na jina?”

“Nililitaja mimi. Sikukuandika kwenye kibao, mwanangu. Nisamehe.”

Alielewa. Akamkumbatia baba yake kwa nguvu. Rudy alimpigapiga mgongoni kwa adabu, huku akiniangalia juu ya bega lake, akisubiri nimwonyeshe. Nikachukua kalamu, nikaandika kwenye ile nafasi tupu, nikaweka kidole.

“Emmett Stachowiak!” akasoma, kwa sauti yake ile ile ya redioni. Maikrofoni nilikuwa nimeshaizima.