Mikanda ya Miguu

Nianze na kosa langu mwenyewe, nisije nikaonekana nasimulia ya wenzangu huku yangu nimeyafunika. Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Nikikasirika mkono hutangulia, mdomo hufuata, akili hufika baadaye ikihema. Na kazi yangu, jamani, ni kulinda roho za watu.

Nashona mabawa. Si ya ndege, ni yale ya kitambaa ambayo mtu hujifunga kwenye kiti cha mikanda, akakimbia mteremkoni mpaka ardhi ikamwachia. Karakana yangu iko chini ya kilima: chumba kirefu, meza ya mita sita, cherehani mbili, na kifaa kinachonyonya hewa kwenye kitambaa ili nijue kimechakaa kiasi gani. Kamba nazivuta moja moja kwenye mzani. Parashuti ya akiba, ile ya kutupwa mambo yakiharibika, naikunja kwa mikono yangu, simwachii mtu. Kila mrukaji wa pale ananiita Fundi.

Ukutani nimeandika kwa rangi nyekundu: UKIKATIZWA, FUNGUA VYOTE, UANZE UPYA. Kule kileleni anayejifunga mikanda hasemeshwi, hata akija mama yake mzazi. Ukimsalimia kwa bahati mbaya hakujibu. Anafungua kila kitu, anaanza tena na mikanda ya miguu. Sababu ni kwamba mtu akikatizwa katikati, mkono wake hudhani umeshamaliza. Na ukisahau mikanda ya miguu, siku hiyo una kazi. Ukishaiacha ardhi unateleza kutoka kitini kama suruali isiyo na mshipi, unabaki unaning'inia kwa mkanda wa kifua na makwapa. Kuna na jambo la pili ambalo wote wanalijua: honi ikilia kileleni, maana yake ni moja tu, simama hapo ulipo.

Shemeji yangu tulimwita Kipanga. Alikuwa mume wa mdogo wangu, kitinda mimba wetu, ambaye nilimlea mimi tangu ana miaka tisa. Kipanga alirukia bawa dogo. La kawaida lina mita za mraba ishirini na tano. Lake lilikuwa kumi na tatu. Dogo namna hiyo linakwenda mbio, linashuka mbio, na ukivuta breki ya upande mmoja kidogo tu linakuzungusha mpaka hujui juu wala chini. Linataka mtu mtulivu. Na angani alikuwa mtulivu kweli, sitamnyima haki yake. Fujo zake alizihifadhia nyumbani. Alishampiga mdogo wangu kwa sababu ya mchanga kwenye kitambaa, akampiga tena kwa sababu ya kamba iliyofungwa fundo. Kila mara nilipotaka kumwendea, mdogo wangu alinishika miguu. Alisema nikimgusa, yeye ndiye atakayelipa nikishaondoka.

Asubuhi moja mdogo wangu aliingia karakana kwa miguu, taulo mdomoni. Lilikuwa taulo jeupe nililompa mimi. Sasa lilikuwa limelowa mpaka kwenye kiwiko. Nilipoliondoa taya lake likaning'inia upande, meno mawili yamelala. Hakuweza kusema. Akachukua chaki yangu ya kuchorea vitambaa, akaandika mezani: *Nililisahau bawa juani. Kanipiga na helmeti.*

Ni kweli jua linaua kitambaa. Mimi mwenyewe nilimfundisha hivyo. Lakini linaua kwa miezi, si kwa alasiri moja.

Nikachukua funguo za pikapu. Hospitali ilikuwa upande wa kushoto, kilima upande wa kulia. Nilikata kulia. Mdogo wangu alinivuta mkono wa shati, akatikisa kichwa, akalia kwa koo. Nilimwambia dakika kumi tu, halafu nampeleka. Najua mtu mwenye akili timamu angekwenda kushoto, na hilo nimeshajiambia mara nyingi kuliko utakavyoniambia wewe.

Tulimkuta Kipanga peke yake ukingoni. Bawa lilikuwa limetandazwa nyuma yake, kamba zimenyooshwa. Alikuwa amevaa kiti, mkanda wa kifua ameufunga kwanza, kinyume cha kanuni, ili kiti kisimteleze mabegani, na alikuwa anainama kuutafuta mkanda wa mguu wa kushoto. Kichwani alikuwa na helmeti ile ile. Alikuwa ameipangusa, lakini damu ilibaki kwenye mkanda wa kidevu.

Sikumsalimia. Nilimpiga ngumi ya mdomo, funguo za gari zikiwa katikati ya vidole. Mdomo ulipasuka. Akanyanyuka akanigonga na helmeti usoni, nikasikia pua yangu inavunjika, nikaona nyota mchana kweupe. Nilimkamata kwenye mikanda ya mabega, tukaanguka wote juu ya mawe. Alinikalia tumboni. Alinipiga mbavu, moja, mbili, tatu, kwa utulivu, kama mtu anayekung'uta mkeka. Mimi nikapata jiwe, nikampiga nalo gotini mara mbili, akapiga kelele. Nikamng'ata kidole mpaka nikahisi mfupa, na Mungu anisamehe, nilifurahi.

Ndipo honi ikalia. Mdogo wangu alikuwa amesogea kwenye kiti cha dereva, ameibonyeza bila kuiachia. Mwalimu, yule anayefundisha wanaoanza, akatoka mbio kwenye hema lake. Alinitoa pale kwa kunikaba shingo. Alitusimamisha, mmoja huku mwingine kule, akatutukana wote sawasawa, akatuuliza kama tumerogwa. Honi ikanyamaza. Kisha akamgeuzia mgongo Kipanga ili aniangalie pua. Gari letu lilikuwa mbele kidogo, pua yake ikiwatazama warukaji wanapokimbia. Ndani ya kioo niliuona uso wa mdogo wangu, mweupe wa vumbi na mwekundu wa damu.

Kipanga akatema mate, akashika breki zake. Akanitazama juu ya bega la Mwalimu.

"Nikishuka," alisema, "nakwenda kummalizia."

Akageuka, akakimbia.

Sasa nisikilize vizuri, maana hapa sitaki kujificha. Alikimbia hatua sita kabla ya kuiacha ardhi. Kwenye hatua ya kwanza niliiona mikanda ya miguu. Ilikuwa inapigapiga mapajani, vichwa vyake vya chuma vinang'aa. Nimekagua mikanda miaka kumi na nne. Macho yangu huiona kabla sijayatuma. Nilikuwa na neno moja tu la kusema, na hatua tano za kulisemea. Mdomo ulikuwa wazi, maana pua ilijaa damu. Sikusema kitu.

Ardhi ikamwachia, naye akashuka ndani ya kiti. Mkanda wa kifua ukampanda hadi kooni, mikono ikarushwa juu, breki zikamponyoka. Bawa lilitikisika, kisha likajiendea lenyewe, mbio, miguu yake ikiogelea hewani. Mwalimu aligeuka akaona. Akasema, "Mungu wangu, miguu." Redio ya mkononi ya Mwalimu ikakoroma, na ndani yake tukamsikia Kipanga akilia kupitia kipaza sauti cha helmeti yake. Hakuwa anatukana tena. Alikuwa anasema Fundi, Fundi, nateleza.

Mwalimu akanitia redio mkononi. Alisema kiti kile nimekishona mimi, mimi ndiye najua kila mkanda uko wapi, nimwongoze. Alikuwa sahihi. Bawa dogo kutoka kile kilima linafika chini kwa dakika mbili kasoro. Nikiwa nimeishika redio zilipita sekunde ishirini. Mwalimu alikuwa ananipigia kelele. Mimi nilikuwa nasikiliza yale maneno, nikishuka, nakwenda kummalizia, na nilikuwa nawaza kwamba hakuna anayenidai neno lolote. Nikinyamaza kidogo tu, mdogo wangu hatapigwa tena maisha yake.

Mlango wa gari ukafunguka. Alikuja anakimbia, taya linacheza, damu inadondoka kifuani. Akaushika mkono wangu wenye redio kwa mikono yake yote miwili, akausukuma kwenye meno yangu mpaka mdomo ukachanika. Alikuwa anatoa sauti kooni, sauti mbaya, sijawahi kuisikia kwa mtu. Yeye hakuwa na mdomo wa kusemea. Ulikuwa wangu.

Nikabonyeza.

"Bana viwiko chini. Usinyooshe mikono juu, utachomoka. Parashuti usiiguse, itakunyofoa kitini. Unanisikia?"

Alisema ananisikia.

"Chini ya kiti kuna kikanyagio. Kitafute kwa kisigino cha kulia."

Kikanyagio ni kijiti kinachoning'inia kwa kamba mbili. Ukikisukuma kwa miguu bawa linaongeza mwendo. Kwa bawa lile, karibu na ardhi, ni kuitafuta ajali kwa makusudi. Lakini ndicho kitu pekee angeweza kukanyaga ili ajinyanyue. Alikitafuta, akakikosa. Akakitafuta tena. Mkanda ulikuwa unamkaba, sauti imekwisha. Mara ya tatu kisigino kikashika. Nilimwambia asukume mara moja, ajirushe nyuma, makalio yaingie. Akasukuma. Bawa likainamisha pua, likateremka kwa kishindo, nusu yake ya kushoto ikakunjika kama karatasi, nikadhani ndiyo basi, limekwenda arijojo. Likafunguka tena kwa mlio tuliousikia mpaka juu. Alikuwa ameketi.

"Toa mguu kwenye kikanyagio. Shika breki. Toa mguu."

Alizishika breki. Mguu ulikuwa umenasa kwenye kamba. Aliingia kwenye uwanja wa kutua na mwendo wote wa bawa, akavuta breki kwa kuchelewa, akaupiga ukuta wa mawe unaozunguka uwanja, miguu mbele. Tulimwona akijikunja kabla ya kuusikia mlio. Ulikuwa mkavu, mara mbili.

Tulishuka na gari. Mfupa wa paja ulikuwa umetoka nje kupitia suruali. Alikuwa macho. Nilikata mikanda ya kiti kwa mkasi wangu wa kazi, mshono niliouweka mwenyewe, huku Mwalimu akimfunga mguu juu ya jeraha. Kipanga alinishika kifundo cha mkono kwa mkono wenye kile kidole nilichokitafuna. Alisema, "Asante, shemeji." Nikashindwa kumtazama.

Mdogo wangu na mumewe walilazwa siku ile ile, wodi tofauti. Kipanga alivunjika mapaja yote na nyonga. Madaktari walimwambia atatembea kwa magongo, na kukimbia asahau. Asiyeweza kukimbia haruki. Kila aliyekwenda kumwona aliambiwa habari moja: "Fundi, pamoja na kwamba nilimvunjia taya ndugu yake, aliniokoa." Alikuwa analia anaposema. Warukaji wakaja karakana kunipa mkono. Mwalimu alinisifu mbele ya wanafunzi wake, akasema huo ndio moyo. Nilimjibu vibaya, akadhani ni unyenyekevu.

Waliniletea na bawa la Kipanga. Nililitandaza mezani, nikaweka kifaa cha kunyonya hewa mahali kumi na mbili, nikahesabu sekunde. Kitambaa kilikuwa kizima, kana kwamba kimetoka kiwandani juzi. Lile jua halikula kitu. Nikaegemea meza nikalia kwa hasira, peke yangu, kama mtoto.

Mdogo wangu alifungwa meno kwa waya wiki sita. Alikaa kwangu, chumba cha nyuma ya karakana, akinywa vitu kwa mrija na kuniandikia kwenye vipande vya kitambaa. Kumwona mumewe hospitali hakwenda hata mara moja. Kipanga alipotuma watu, aliwaandikia neno moja, *hapana*, akalipigia mstari. Mimi wiki hizo zote nilikuwa natembea na jambo langu kifuani. Sikulala vizuri. Nilikuwa nikiitazama ile kanuni ukutani, mwandiko wangu mwenyewe, naona haya.

Siku waya ulipotolewa nilimchemshia chai. Alikaa upande wa pili wa meza, anafungua na kufunga mdomo taratibu, anaupima. Nikaona nikichelewa tena sitasema kamwe.

"Niliiona ile mikanda," nilimwambia. "Kabla hajaruka. Niliiona nikanyamaza."

Nilijua atasimama aondoke, nami nisingemlaumu. Sauti yake ilipotoka ilikuwa nzito, ya mtu mwingine.

"Hata mimi niliiona, Dada. Alikuwa anakimbia ananielekea. Mkono wangu ulikuwa bado kwenye honi."

Nilimuuliza, kwa nini basi alikuja kunisukumia redio.

"Nilidhani nitaweza kumsikiliza mpaka mwisho," alisema. "Sikuweza."

Kisha akakivuta kikombe karibu, akanywa chai kwa upande mmoja wa mdomo, polepole, kwa sababu ule mwingine ulikuwa bado unauma.