Gauni la Blažena Kitandani mwa Mfalme

Mke wangu Blažena alikuwa na ugomvi na mfalme aliyekufa karne nyingi zilizopita, na ugomvi wenyewe niliachiwa mimi niumalizie.

Mfalme huyo alijenga Ngome juu ya jabali, mwendo mfupi wa treni kutoka Prague, na inasimuliwa kwamba alikataza mwanamke yeyote asilale humo. Mchana waingie, wapike, wafagie. Jua likizama, watoke. Kama ni kweli au ni porojo mimi sijui, sikusoma kiasi hicho, lakini waongozaji wa wageni hawachoki kuisimulia. Kila mwaka mwezi wa tano, siku ya jina la Blažena, maana kwetu kila jina lina sikukuu yake kwenye kalenda, tulipanda huko. Tukifika chumba cha kulala cha mfalme, mwongozaji alisema maneno yale yale, wanaume wakacheka vile vile, na Blažena akauliza kutoka nyuma, "Na mashuka alifuliwa na nani?" Tukiwa tunashuka kilima alikuwa ananiambia, "Venda, kabla sijafa nitalala mle. Usiku mmoja tu, nimkomoe."

Hakuwahi. Alipougua, wakubwa wa hospitali walimhamisha wodi hadi wodi kama kabati lisilo na pa kuwekwa, na dirisha la wodi ya mwisho lilitazama mapipa ya taka. Baada ya mazishi walinikabidhi mfuko wa plastiki: miwani, kitana, na gauni lake la kulalia, la flaneli, lenye maua ya bluu, jina lake limeshonwa kwenye ukosi ili lisipotee kwa dobi. Gauni walilitunza kuliko mwenyewe. Watu husema mkubwa ni jalala, kila mtu anamtupia lake. Sawa, na mimi nina takataka nyingi.

Mwezi wa tano ulipofika nikalikunja lile gauni, nikalifunga tumboni chini ya shati, nikapanda treni. Nilichagua kundi la mwisho la siku, ili pasiingie mtu mwingine nyuma yetu. Mwongozaji alikuwa Hudeček, yule mwenye masharubu, tunajuana tangu zamani. Alinipa pole ya mke wangu, kisha akanitazama tumbo akasema, "Lakini mzee umenenepa."

"Ni huzuni," nikamwambia. "Kwetu hushukia tumboni."

Tukavalishwa yale malapa makubwa ya kitambaa juu ya viatu, tusije tukakwaruza sakafu ya wakubwa, tukaanza kuteleza chumba hadi chumba. Utaratibu wa mle ni mmoja. Mwongozaji anafungua mlango wa mbele kwa ufunguo wake, na mtu wa mwisho katika kundi anafunga wa nyuma. Kwa hiyo mimi nilitakiwa niwe wa mwisho kwenye chumba cha kulala, basi. Tatizo likawa mama mmoja kutoka Brno, mnene, ana mkoba, anayesoma kila kibao tangu herufi ya kwanza mpaka nukta. Nikipunguza mwendo, naye anapunguza. Nikijifanya natazama dari, naye anatazama dari.

Hudeček alisema yale maneno yake kuhusu wanawake. Wanaume wakacheka. Nilisubiri kidogo, kwa mazoea, lakini nyuma hapakuuliza mtu. Kundi likaanza kutoka na yule mama bado amebandika pua kwenye kibao cha kitanda. Nikamsogelea, nikamnong'oneza kwamba chumba kinachofuata kina jino la mfalme, na wanaotangulia ndio huruhusiwa kuligusa.

Aliteleza kama mtoto kwenye barafu, akawasukuma watu wawili mlangoni.

Nikabaki peke yangu. Nilipojiinamisha juu ya kamba inayozuia wageni wasifike kitandani, kengele ikalia. Nilijua italia. Inalia kutwa nzima, kila mgeni anaegemea pale. Hudeček hakugeuka hata kichwa, alisema tu kutoka kule chumbani, kwa sauti ya mtu aliyechoka, kwamba jamani kamba si ya kuegemea. Nikafunua shuka zito, nikalaza gauni, nikaweka ukosi kwenye mto na kupanga mikono juu ya shuka. Nikasema, "Haya, lala." Nikafunga mlango kama mgeni mwenye adabu.

Chumba cha pili nilimkuta yule mama anamdai Hudeček jino. Hudeček akanitazama mimi. Mimi nikatazama dari.

Sikuondoka mara moja. Nilishuka mpaka baa iliyo chini ya Ngome, nikaagiza nguruwe na knedlíky, yale madonge yetu ya unga ya kuchemsha, nikakaa pale ambapo dirisha la mfalme linaonekana. Nilikuwa nataka jambo moja tu, usiku uingie na yeye bado yumo. Kumbe sijamaliza hata nusu ya sahani, akaingia Bi Sýkorová, msimamizi wa Ngome, na jagi la kuchukulia bia. Sikuwahi kuzungumza naye, lakini nilikuwa nimemchukia miaka yote kwa sababu ya cheo chake. Akaja moja kwa moja mezani kwangu.

"Wewe ndiye mume wa Blažena."

Nikasema simjui mtu huyo.

"Jina liko kwenye ukosi, na Hudeček anawajua nyote wawili," akasema akivuta kiti. "Na Hudeček ananiuliza jino la mfalme nimelificha wapi."

Nikamwambia kama ameita polisi waje, mimi sikimbii, nina magoti mabovu. Akauliza awaambie nini polisi, kwamba kuna gauni limevamia jumba. Kisha akaanza kunichokoza. Kile kitanda, akasema, si cha mfalme hata kidogo. Kililetwa kutoka kwingine, kimechongwa karne tatu baada ya yeye kuzikwa.

"Kwa hiyo hata kitanda mnatudanganya."

"Imeandikwa kwenye kibao, mzee wangu. Asomaye ni yule mama wa Brno peke yake."

"Na ile ya wanawake?"

Akacheka mpaka jagi likatikisika. Nyumba ya msimamizi, akaniambia, imo ndani ya ukuta wa Ngome. Amelala humo kila siku tangu apewe kazi, na mama mkwe wake analala humo, anakoroma mpaka popo wanahama. Nikamuuliza kwa nini basi wanaruhusu porojo ile isimuliwe. Akasema wanaume wanaipenda, na mtu aliyecheka hununua kadi za posta.

Mimi nilikuwa nimeshaweka uma chini. Miaka yote ile Blažena alikuwa anabisha hodi kwenye mlango ulio wazi.

"Gauni liko wapi?" nikauliza.

"Nilishika mkono wake nilitoe," akasema. "Nikaona umelipanga kama mtu anayelala ubavu."

"Ndivyo alivyolala."

"Basi nikafunga mlango. Uje kesho kabla ya kundi la kwanza. Na mtu akikuuliza, mimi sijakuona."

Nikatafuta neno la kumtukania mkubwa yule, nikalikosa. Nikalalamika kwamba bia ya siku hizi ni povu tupu. Akakubali, akajaziwa jagi lake, akapanda kilima.

Asubuhi nilimkuta langoni, amevaa aproni ya jikoni, gauni limekunjwa mikononi.

"Mkeo hakutandika kitanda," akasema.

"Jana ilikuwa siku ya jina lake," nikamjibu. "Siku hiyo hagusi kazi."

Nikashuka stesheni. Gauni lilikuwa limeshika harufu ya mawe na nta ya sakafu, ile ya hospitali ilikuwa imetoka. Treni ilichelewa kuondoka, nami sikumsema mtu. Nilikaa dirishani nimelipakata, tukiitazama Ngome.

Wakubwa wa reli niliwatukana tulipofika Prague.